Kumpeleka Spana Ringwani

Watu wa Nyanungu wameniuliza sana kwa nini nilimpakia mbwa wa marehemu kwenye pikipiki nikaondoka naye mpaka Ringwani, kana kwamba namwiba. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Mimi Bhoke nasimulia mara moja, msikie wote.

Jirani yangu Marwa alikuwa fundi. Mashine ya kusaga, plau, baiskeli, redio, hata benchi la kanisani, kikivunjika kinapelekwa kwake. Tena hakuwa mtu wa kutulia. Akisikia kuna mashine imekufa ng'ambo ya Mto Mara, anavuka, mvua inyeshe isinyeshe. Siku moja alikwenda Isebania kutafuta bolti akarudi na mtoto wa mbwa ndani ya sanduku la vifaa. Akamwita Spana, akamchomelea tenga la chuma la kukaa nyuma ya pikipiki, na tangu hapo hukumwona mmoja bila mwingine.

Marwa aliugua ghafla akiwa anatengeneza pampu ya bustani yangu, akafariki. Tukamzika. Watu walitegemea Spana atakwenda kulala kaburini. Wapi! Alilala kwenye kibanda cha kazi cha Marwa, kando ya pampu iliyofunguliwa, akagoma kula. Nilimpelekea ugali na dagaa, nikampelekea mifupa, hata maziwa. Ananusa, anageuza uso. Mbavu zikaanza kuonekana. Marwa hakuwa na mke tena wala mtoto, na ndugu pekee aliyebaki ni dada yake, Robi, aliyeolewa Ringwani. Nikasema labda mbwa huyu akisikia sauti ya dada wa bwana wake atakula. Nikimwacha hapa atakufa, na kumzika Marwa mara ya pili sikubali.

Asubuhi nililifunga lile tenga kwenye pikipiki yangu. Kuendesha alinifundisha Marwa mwenyewe, kwa kunifokea njia nzima. Nilidhani Spana atanisumbua, kumbe aliruka mwenyewe akakaa. Ila tulipoondoka aligeuka kukitazama kibanda mpaka tukakata kona. Sikulitilia maanani.

Kwenye daraja la Mto Mara wanawake waliokuwa wamesimama na ndoo zao walimtambua yeye kabla ya kunitambua mimi. "We Spana! Fundi yuko wapi leo?" Ikabidi nisimame niwaambie. Mmoja akakaa chini palepale barabarani, akashika kichwa. Kabla daraja halijajengwa, Marwa aliwahi kuvuka pale na jiwe la mashine mgongoni, maji yakimfika kifuani, na mbwa akiogelea mbele yake kama kiongozi wa msafara. Wao walishuhudia. Mimi nilikuwa nadhani ni uongo wake.

Nyansurura nilipumzika kwa Mzee Wambura, mwenye mashine ya kusaga. Siku hiyo hapakuwa na mteja, mashine ilikuwa imezimwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mbwa namjua kuliko wakwe zangu."

Habari za msiba alikuwa nazo. Akatikisa kichwa, kisha akacheka. "Siku moja Marwa alishinda hapa anatengeneza mashine. Mke wangu akamchinjia kuku. Nikamwambia, mura, kijana wangu, wewe ni mwanamume, kula upate nguvu. Akakataa! Ati akila kabla mashine haijanguruma atakuwa amekula cha bure. Kuku akapoa mpaka mafuta yakaganda."

Nikacheka mpaka machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Mzee akamtupia Spana mfupa mzuri wenye nyama. Mbwa akauangalia tu.

Mchana tukafika Ringwani. Robi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamwona mbwa, akauangusha. Alimshika Spana masikio akamsemesha Kikurya cha taratibu, na Spana akamlamba mikono yote miwili. Nikajua tumeshinda. Robi akaleta ugali na nyama kwenye sufuria. Spana akanusa, akalala chini, akageuzia uso njia tuliyojia.

Nilitaka kulia kwa hasira. Robi akavuta kigoda.

"Kaka yangu alikuwa anafanya nini alipozidiwa?"

"Pampu yangu. Iko vilevile, imefunguliwa juu ya gunia."

"Mpaka leo hamjaifunga?"

"Tungeigusaje, dada? Kwetu pale kazi aliyoiacha marehemu haiguswi mpaka ndugu wa damu aseme."

"Na nani alikuja kuniuliza mimi?"

Kweli, hakuna. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshauliza, na wote tukaona tunaonyesha heshima. Nikaanza kumsimulia habari ya kuku wa Mzee Wambura ili kupunguza aibu, na katikati ya maneno nikaanza kuelewa. Robi aliwahi kabla yangu.

"Bhoke, mbwa huyu kama bwana wake, hali cha bure. Anangoja pampu ingurume."

"Mama yangu!"

"Kesho tunaondoka wote."

Kurudi kulikuwa na kelele. Robi alibanwa kati ya mgongo wangu na tenga, na kila kwenye shimo alilitaja jina la Yesu. Nikamwambia kaka yake hakuwa mwoga hivi. Akanifinya.

Nyanungu hatukuingia hata ndani. Spana aliruka akaenda kulala pale pale pake. Robi akasimama mlangoni mwa kibanda, akasema kwa sauti ili majirani wasikie: "Kaka, kazi yako tunaimaliza." Marwa alikuwa na desturi yake: kila alichofungua alikipanga juu ya gunia kwa mstari, cha kwanza mwanzo, cha mwisho mwisho. Sisi tukaanzia mwisho kurudi nyuma. Robi ananipa, mimi nakaza. Nikatia mafuta, nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena, ikakohoa. Ya tatu ikanguruma, kibanda kizima kikatetemeka.

Spana akasimama. Akajinyoosha, miguu ya mbele kwanza, akatembea polepole mpaka kwenye sufuria ya ugali tuliyokuwa tumemwekea, akala mpaka akaisukuma na pua hadi ukutani. Robi alilia kwa sauti, nami nikalia naye, pampu ikinguruma.

Nilikwenda mbali kujifunza kwamba msiba hauishi kaburini, unaisha kazi ya mtu ikiisha. Spana yuko kwangu sasa. Kwa hiyo mkipita bustanini mkasikia pampu inanguruma na mvua inanyesha, msinicheke. Mbwa anataka kula.