Umeme wa Kwenda na Kurudi

Baba yangu alikuwa mpasua mbao kule Lushoto. Yeye juu ya gogo, mwenzake chini shimoni, msumeno katikati. Huyu avute, yule avute. Wa chini ndiye aliyekula unga wa mbao, na ndiye aliyeimba. Mama alisema aliimba ili asitukane. Lakini sikukaa hapa kuandika habari za baba.

Nina rafiki, Mhindi wa Tanga, fundi umeme mstaafu, anakaa Queensbury, huku huku London. Miaka mingi tulikuwa tukikutana kila Jumamosi kwenye ukumbi wa wazee hapa Harrow, tukinywa chai ambayo, Mungu anisamehe, ni maji yaliyoonyeshwa majani. Nyumbani kwake wajukuu humjibu Kiingereza kabla hajamaliza swali, kisha huondoka. Basi alipopewa nusu saa atueleze jinsi umeme ulivyoanza London, alijiandaa wiki tatu. Alikuja na tai. Nilijua maana ya ile tai, na bado sikujizuia kumtania.

Alianza vizuri. Zamani, akasema, umeme ulikwenda upande mmoja tu na haukufika mbali. Wakaja wenye ule wa kwenda na kurudi, wakajenga mtambo mkubwa Deptford, kando ya mto, wautume mjini kwa waya mnene chini ya ardhi. Watu wakaogopa. Ndipo, ili kuwatoa hofu, fundi mmoja akashika tindo juu ya waya wenye moto, mwenzake akainua nyundo...

"Ngoja, fundi," nikasema. "Huo umeme unakwenda, halafu unarudi. Kwani huwa umesahau nini nyumbani?"

Ukumbi ukacheka. Akangoja kicheko kiishe, kwa adabu yake, kisha akaniuliza:

"Bwana, msumeno wa baba yako ulikuwa ukienda wapi?"

Hapo ndipo ningenyamaza. Jibu lilikuwa zuri, tena la kwetu. Nikasema, "Ukienda kunitafutia ugali."

Wakacheka mpaka bibi mmoja akamwaga chai. Rafiki yangu akakunja karatasi zake mara mbili, akavaa koti.

"Malizia wewe," akaniambia, bila hasira.

"Na yule wa tindo, alipona?" nikamwuliza.

Akafungua mlango, akatoka. Tulidhani amekwenda kupunga upepo. Hakurudi, siku ile wala Jumamosi nyingine yoyote.