Mwanamke Aliyetoka Bila Kusema Neno

Sinema za kurushiana risasi hazinipi kitu. Mtu anapigwa risasi ya kifua, anainuka, anakimbia, halafu unataka nishike roho? Hapana. Kipande kinachonikamata mimi ni kile ambacho mtu anafanya jambo dogo tu, na wewe unayetazama unajua kabisa kwamba hapo ndipo maisha yake yamegeuka.

Ninachokipenda kuliko vyote kiko kwenye sinema moja ya Kikorea. Mwanamke yuko mezani na mume na wakwe, mtoto mapajani. Mume hakupenda chakula, anamrushia bakuli la supu. Muziki hakuna. Mwanamke anamfuta mtoto uso kwanza, ndipo anajifuta yeye. Anavua aproni, anaikunja vizuri, anaiweka kando ya sahani ya mume. Anatoka na mtoto. Mlango anauacha wazi, na nje theluji inaanguka. Kamera haimfuati. Inabaki na wale waliokaa, mpaka mmoja mmoja wanaanza kujikunyata. Mwongozaji mwingine angempa mwanamke hotuba. Huyu alijua kwamba watu wa namna ile ukiwasemesha unawapa pa kukujibia.

Nilikitazama kwenye simu huku nikinyonyesha, kwenye chumba nilichopanga hapa Dodoma baada ya kutoka nyumbani kwa mume wangu, kijijini Mlali. Yeye alinirushia bakuli la mlenda wa moto mbele ya dada zake, nimempakata mtoto. Nilikirudia kipande kile mpaka chaji ikaisha.

Mama akaja kutoka Haneti. Sikumwita. Kwetu binti akitoka kwa mumewe bila wazee kujua, mama yake ndiye anayemrudisha, na ndiye anayetangulia kuomba radhi. Alikuwa ameshaongea na mama mkwe wangu: Jumatatu tunaenda Mlali.

"Ndoa unaitupa kwa ajili ya mlenda? Mlenda unaoshwa, mwanangu."

"Ulikuwa wa moto, Mama."

"Kwani umebaki na kovu?"

Ningebishana naye mpaka kesho. Nikaamua nimwoneshe. Kwenye simu haoni vizuri, anasema watu wote ni sisimizi, kwa hiyo Jumapili tulipotoka kanisani nikampeleka kwenye kibanda cha video cha mtaani, nikaomba ile ya Kikorea. Vijana wakampisha benchi la mbele. "Shikamoo mama, karibu." Sasa pale mwenye kibanda ndiye anayetafsiri, kipaza sauti mkononi, na Kikorea chenyewe hajui hata salamu.

Bakuli likarushwa. Mwanamke akamfuta mtoto. Na mwenye kibanda, kwa sauti nyembamba ya kike: "Nisamehe mume wangu, chumvi ilizidi! Nakimbia sokoni mara moja, narudi nikupikie ugali!"

Watu wakacheka mpaka bati likatikisika. Mama akanigeukia.

"Si unaona? Anarudi."

Nikasimama, mtoto mgongoni. "Wewe! Huyo mwanamke hajasema kitu!"

"Dada, tulia. Ulishafika Korea?"

"Wewe ulishafika? Mdomo wake umefungwa, hayo maneno yametokea puani?"

Vijana wakashangilia. "Kaka, umeshikwa!" mmoja akapiga kelele nyuma.

"Bila maneno watu wanalala," akajitetea.

"Nimeitazama na maandishi ya Kiingereza, na kidato cha nne nimemaliza. Hapo hakuna hata herufi. Rudisha nyuma. Na hicho kipaza sauti kiweke chini kabla sijaja kukichukua."

"Huyu mama mtoto ana hasira!"

"Ninazo. Rudisha."

Akarudisha. Hakuna aliyelala. Aliyekuwa anatafuna karanga aliacha. Aproni ilipokunjwa nikasikia mtu anasema "Dah," basi. Mama alikuwa ameinama mbele, mkono mdomoni. Mwanamke alipotoka na mlango ukabaki wazi, akauliza kwa sauti, kama yuko peke yake, "Harudi?"

"Harudi, mama," alisema mwenye kibanda, bila kipaza sauti.

Nje Mama alinishika mkono, akaniuliza kwa Kigogo, taratibu: "Yule alimfuta mtoto kwanza. Wa kwako, mlenda ulimfikia?"

"Ulimfikia sikioni."

"Hukuniambia."

"Uliuliza kovu langu, Mama."

Kisha akataka simu, nimpigie mama mkwe. Alisimama palepale njiani, vijana wanatoka kibandani wanampita, na hakushusha sauti.

"Shoga yangu, kesho hatuji. Hapana, hata kesho kutwa. Mwanangu simleti. Kama huko kuna mtu wa kuomba radhi, njia ya Dodoma anaijua."

Akakata. Akanifungua kanga, akamchukua mjukuu wake, akamgeuza sikio moja, akamgeuza la pili, akalibusu lile lenye alama. Halafu akambeba yeye. Nikatembea kando yao mikono mitupu, kifua mbele, na kila aliyenitazama nikamtazama.