Kengele ya Ng'ombe Kiunoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mzigo wa bendeji, kamba ya katani na kiti kilichokatwa miguu. Nilikuwa kijana wa Sekei niliyetoka shule juzi, nimevaa kaptula nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa, nikidhani nimeajiriwa ofisini. Dresa Mkuu, mkubwa wa wafunga vidonda, mtu wa Pangani mwenye kofia safi na ulimi mkali, alinipima kwa macho.

"Shikamoo, bwana," nikasema.

"Marahaba. Kaptula nzuri hiyo. Iage mapema."

Jioni kaptula ilikuwa na rangi ya udongo wa Arusha, nami nilikuwa na furaha ambayo sikuitegemea.

Chama chetu kilikuwa cha michezo ya watu waliopungukiwa viungo au macho, wa mjini na wa wilaya za jirani. Waingereza walikuwa bado wanatawala, na askari walikuwa wamerudi kutoka vita vya Burma, wengine wakiwa na mguu mmoja. Nyumbani walipewa uji na pole, wakakaa wakinyauka. Bwana Meja, Mwingereza aliyepoteza mguu katika vita hivyohivyo, ndiye aliyewakusanya uwanjani. Kiswahili chake kilichechemea kuliko yeye mwenyewe. "Pole iko hospitali," alikuwa akisema. "Hapa iko mbio."

Kazi ilianza na kufunga kisiki, yaani sehemu ya mguu inayobaki baada ya kukatwa. Bendeji hubana chini na kulegea kadiri inavyopanda, damu isije ikasimama. Kisha kikaja kile kiti changu. Tulikiweka chini na kukifunga kwa kamba kwenye vigingi vilivyopigiliwa ardhini, ili mrusha mkuki aketi bila kuyumba. Waarusha, waliokuwa wamezaliwa na mkuki mkononi, walikitazama kwa dharau. Dresa Mkuu akawaambia, "Mkono ni uleule, mabwana. Kilichobadilika ni makalio." Walicheka, wakakaa, wakarusha, na tukalazimika kuwasogeza mbali wenye mbuzi waliokuwa wakichunga upande wa pili.

Kazi ya tatu ndiyo iliyonitoa jasho: kumwongoza mkimbiaji asiyeona. Wawili hushika ncha za kamba fupi na kukimbia sambamba, na mwongozaji hutoa amri za mkato: kulia, kushoto, nyoosha. Bwana Meja alikuwa na kanuni moja, kwamba hakuna atakayeitwa mwalimu mpaka amfunze mtu mmoja hadi amalize mashindano. Mimi nikapewa Mzee Mbise wa Moshono, mkulima wa kahawa na migomba. Maradhi yalikuwa yamemchukua macho, lakini miguu yake ilikuwa haijapata habari.

Kila siku ya mazoezi nilimfuata kwake. Huko nikamwona binti yake, Naemi, na baada ya hapo nikawa namfuata Mzee hata siku zisizo za mazoezi. Naemi alikuwa akinicheka waziwazi. "Leo si siku ya mbio," alinikumbusha mara moja. "Au umekuja kumfundisha mbuzi?" Nikajua nimekwisha. Wajomba zangu wakapeleka mtungi wa mbege, pombe ya ndizi, kuposa. Mzee akaupokea, akaonja, akasema jibu atalitoa baada ya mashindano.

Hapo ndipo tulipojifunga wenyewe. Kwetu Wameru mtu hampazii sauti baba mkwe, hamwamuru, wala hamwiti jina lake tupu. Kesho yake uwanjani nilimpa Mzee ncha ya kamba, akairudisha.

"Mkwe hanivuti kwa kamba kama beberu."

"Basi nitakuelekeza kwa mdomo, baba. Kulia!"

Akasimama kabisa. "Unaniamuru?"

Ikabidi niombe: baba, kama itakupendeza, tusogee kulia kidogo. Adabu ikifika mwisho, tayari tumo ndani ya mahindi ya watu. Dresa Mkuu alicheka hadi akavua kofia. Alipofuta machozi, akanivuta kando.

"Asipomaliza, ualimu huna. Ukimvunjia heshima, mke huna. Mimi wa pwani sina dawa ya mambo yenu."

Dawa aliitoa Mzee mwenyewe. Alikuja na kengele ya ng'ombe ya chuma, ile ya shingoni. "Tangu utoto nimefuata kengele mlimani, ukungu umefunga, sioni hata mkono wangu," alisema. "Jifunge kiunoni, utangulie. Usiseme neno."

Nikawa ng'ombe. Nilikimbia mbele, kengele ikilia, na Mzee akanifuata kama aliyefungwa nami. Njia nzima kutoka Moshono watu walitoka migombani kutazama. Naemi alisimama kizingitini akiwa amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika. Bwana Meja alipotuona hakucheka. Alisema tu, "Ng'ombe mzuri. Kimbia."

Siku ya mashindano walikuja wakimbiaji wa Moshi na waongozaji wao, wote na kamba. Wajomba zangu walikaa na wazee wa Moshono kwenye nyasi, Naemi nyuma yao na mama yake. Njia ilizunguka uwanja, na penye kona ya mwisho, nje ya mstari wa chokaa, ulipita mfereji wa maji ya mlimani, wenye kina na mawe makali.

Tulikimbia vizuri mno. Nilimsikia Mzee nyuma yangu akipumua kwa raha, na mbele yetu alikuwa Mchaga mmoja tu. Tulipoikaribia kona, ulimi wa kengele ukachomoka na kuanguka kwenye nyasi. Sauti ikakatika. Nilikunja kushoto, nikageuza kichwa, nikamwona Mzee akienda moja kwa moja, kifua mbele, akiuelekea mfereji.

Nikamfokea kama dume la kulimia.

"Kushoto! Kushoto, wewe Mbise! Pinda!"

Akapinda. Unyayo wake ulikanyaga ukingo, mawe yakaporomoka majini, yeye akabaki juu. Sikunyamaza tena. Nilimfokea hadi mwisho, akamaliza wa pili. Watu wa mjini walishangilia. Wazee wa Moshono walitazamana, na mjomba wangu mkubwa alikuwa ameinama. Naemi hakuwa akicheka. Nilijua nimeupata ualimu, na moyo uliniuma.

"Nani aliyeniita Mbise?" Mzee akauliza, akihema.

"Ni mimi, baba."

Akageukia sauti za wenzake. "Mmesikia. Kosa lipo, ataleta mtungi mwingine wa mbege, na safari hii uwe mkubwa." Kisha akanitafuta kwa mkono, akanishika bega. "Na tutaunywa siku moja na ule wa harusi. Angeninyamazia pale ili apate mke, nisingempa hata ndama."

Nililia mbele ya Wachaga, wala sikuona haya.

Baadaye nilitumwa Moshi kuanzisha tawi, nikarudi Arusha, Bwana Meja akaenda kwao, Dresa Mkuu akastaafu, na mwisho nami nikastaafu. Wengi niliowafunga visiki wakawa walimu wa wengine. Vijana wakija kuniuliza siri ya kazi, nawapa ile kengele isiyo na ulimi waishike, na Naemi, ambaye sasa ni bibi, hucheka upya.

Mzee Mbise aliishi hadi uzee mkubwa. Jumapili nilimpeleka kanisani, na kila mara nilijaribu kumshika mkono kwa adabu, nikimnong'oneza njia. Alikuwa akisimama palepale.

"Sisikii, mkwe," alisema. "Foka."

Nami nilifoka, kutoka mlangoni kwake mpaka mlango wa kanisa.