Sehemu Niliyoiruka Kwenye Kaseti

Jumapili, tarehe 14 Septemba. Asubuhi jua, saa nane mvua ya mawe. Chai ya upande wa chini imechanika majani, ya juu imepona.

Mwanangu Kwamboka, jana ulinipigia simu ukaniomba nikuandikie maisha ya Mwalimu Halina, kwa kuwa shule aliyofundisha inataka kumkumbuka na wewe umepewa kazi ya kukusanya habari zake. Ukasema ukurasa mmoja unatosha. Sijui kama mimi ndiye mtu wa kuulizwa. Niliacha shule kidato cha pili, na katika daftari hili huwa naandika mvua, ng'ombe na waliofariki, basi. Lakini nilimfanyia kazi miaka minne nikiwa kijana. Ninachokijua nitakiandika, nisichokijua nitasema sikijui.

Alikuwa mtu wa Ukraine. Mumewe, Ombati, alienda huko kusomea udaktari wa mifugo, akarudi na cheti na mke. Wakakaa Nyansiongo, mke akafundisha hesabu katika shule ya wasichana. Watu wakamwita kwa jina la mumewe, kama ilivyo desturi yetu: Moka Ombati, mke wa Ombati. Siku zile mtoto akisikika shuleni akiongea Ekegusii, lugha yetu, alivishwa kibao shingoni, akae nacho mpaka amnase mwenzake. Darasani mwa Moka Ombati kibao hakikuingia. Alisema hata kwao, mtoto aliyeongea lugha ya nyanya yake mjini alichekwa kama mtu wa shambani, na yeye mwenyewe aliwahi kumcheka nyanya yake. Hakueleza zaidi, nami sikuuliza.

Akaanzisha kijitabu cha kurasa nane, habari za akina mama wazee kwa Ekegusii chao wenyewe. Yeye alizunguka na redio ya kaseti akiwarekodi. Mimi nilisikiliza kaseti, nikaandika kwa mkono, yeye akahariri, kisha nikapiga taipu na kuzungusha mashine ya kurudufu. Nisimpambe sana. Alikuwa na hasira ya karibu, na ukurasa wenye kosa aliurudisha juu ya meza kama anayepiga nzi. Ekegusii chake kilichechemea. Akina mama walimcheka waziwazi: "Moka Ombati, leo jua limekupika mpaka umeiva!" Naye alicheka, akaandika neno jipya alilolisikia.

Alikuwa na sharti moja. Ukurasa haukuchapwa kabla ya kurudishwa kwa mwenye maneno, asomewe kwa sauti, akubali au akatae. Ndipo chini yake unaandika "Imesomwa" na kuweka sahihi.

Sasa nisikilize, maana maisha yake mimi nayajua kupitia siku moja tu, siku niliyomwaibisha.

Mama Nyaboke alikuwa wa Birongo, kwetu. Kwa umri angeweza kuwa nyanya yangu. Lakini kwa hesabu ya ukoo alikuwa mke wa binamu ya baba, kwa hiyo alikuwa mama yangu. Nyinyi wa leo mnacheka chinsoni, ile heshima ya haya kati ya mzazi na mtoto, lakini unaijua. Na nyanya unaweza kutaniana hata habari za kitanda. Mbele ya mama, au anayehesabiwa mama, maneno hayo hayatoki, kwako wala kwake. Yeye aliyasema kwa Moka Ombati, wawili tu jikoni, mwanamke kwa mwanamke. Kaseti ikaja kwangu.

Nikakaa mezani nikaifungua. Mwanzo palikuwa na nyimbo za arusi yake, nikaandika. Kisha akasimulia alivyofungwa ebitinge, vile vyuma vya miguuni vilivyoonyesha kwamba mwanamke ameolewa kwa mila. Nikaandika. Halafu akaingia kwenye usiku wa kwanza, na Moka Ombati anasikika akicheka. Masikio yangu yakawaka moto. Nikabonyeza kitufe cha kupeleka mbele. Nilipoachia, sauti ya Mama Nyaboke ikasema, "...ndipo nikavivua, nikaviweka mlangoni." Nikaandika hilo pia, likifuatana na la juu.

Nilidhani nimeruka mambo ya kitandani tu. Kumbe nilikuwa nimeruka ndoa nzima na mazishi ya mume.

Ijumaa hiyo nikatumwa kumsomea, kwa kuwa nilikuwa naenda nyumbani. Nilimkuta anapeta wimbi.

"Mwanangu, umeniletea kitu?"

"Hapana mama, nimepita kukusalimu tu."

Ukurasa ulikuwa ndani ya shati. Nilikula ndizi alizonipa, nikaaga, na njiani nikaandika "Imesomwa", nikaweka sahihi. Kwa nini sikumwambia Moka Ombati kwamba mimi siye wa kutumwa kwa yule mama? Nilijiambia ni mgeni, mambo yetu hatayaelewa. Nimejiuliza tangu siku hiyo kama huo ndio ukweli, au niliogopa tu kuonekana mtoto. Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Mimi niliuficha, na aliyeumia ni mwingine.

Kijitabu kikatoka. Haukupita muda mrefu Ombati akaletewa ujumbe kwamba mkewe anatakiwa Birongo, pamoja na yule kijana wake.

Tulikuta watu uani kwa Mama Nyaboke. Yeye hakuwa na mtoto wa kiume aliye hai, na mabinti wake walikuwa wameolewa mbali. Alikuwa na nyumba yake na kipande cha migomba. Momanyi, mtoto wa mke mwenzake, alikuwa amesimama na kijitabu mkononi.

"Mimi sikuandika," alisema Momanyi. "Ni yeye mwenyewe. Sikilizeni. 'Wakanifunga ebitinge. Ndipo nikavivua, nikaviweka mlangoni.' Mwanamke anayevua ebitinge mume akiwa hai amekataa ndoa. Basi migomba ile anaishika kama nani? Na akifa, tumzike hapa kama nani?"

"Momanyi, wewe hata tangazo la kanisa unasomewa," mama mmoja akamrushia. "Leo umekuwa wakili?"

Watu wakacheka. Momanyi hakucheka. "Leo nimesoma. Karatasi haina mjomba."

Nataka niwe wa haki kwake. Alikuwa na watoto wengi na shamba dogo, na naamini aliiamini ile karatasi kweli. Wakati ule kilichochapwa kilikuwa kikubwa kuliko kilichosemwa.

Moka Ombati akanigeukia. "Ulimsomea?"

"Nilimsomea."

Akasimama mbele ya watu wote na kile Ekegusii chake. "Kijana wangu hasemi uongo. Alimsomea, na yeye akakubali."

Macho yote yakaenda kwa Mama Nyaboke. Alitazama chini. Mzee aliyeongoza kikao, ndugu wa marehemu mumewe, akamuuliza kama alisomewa na alisema nini hasa.

"Huyu ni mwanangu," alijibu. "Mambo hayo siwezi kubishana naye."

Mwanangu, utetezi wake wote ulikuwa kwenye kaseti, baada ya maneno ambayo hangeweza kuyatamka mimi nikiwa nimekaa pale. Nilikuwa nimemziba mdomo kwa heshima yake mwenyewe. Angenyamaza hivyo mpaka apoteze nyumba.

Sikusema mara moja. Ningependa kuandika kwamba nilisimama papo hapo, lakini sivyo. Kuku alipita katikati ya watu, mtu akamfukuza, akarudi tena. Ndipo nikasema, "Sikumsomea. Niliona haya. Na kwenye kaseti kuna mahali niliparuka."

Moka Ombati hakunitazama. Mzee akauliza, "Kaseti iko wapi?" Ilikuwa ndani ya mkoba wa Moka Ombati, pamoja na redio, alikuja nazo bila kuambiwa. Mzee akaamuru, "Wote mnaomwita mama, tokeni. Wabaki wa rika letu na wajukuu."

Basi tukatoka tulio watoto wake. Wengine walienda barabarani. Mimi na Momanyi tukajikuta tumekaa kwenye migomba ile ile inayogombewa. Kutoka uani kikalipuka kicheko, kikatulia, kikalipuka tena.

"Wanacheka nini?" Momanyi akauliza.

"Usiniulize."

"Si wewe uliandika? Ulisikia."

"Nimekwambia niliruka."

"Kumbe wewe ni mjinga hivi," alisema, wala si kwa hasira. Akavunja jani kavu la mgomba, akalikalia vizuri. Kisha uani kukawa kimya, kimya kirefu, na yeye akaacha kutikisa mguu.

Mjukuu mmoja akaja kutuita, macho yake mekundu. Mzee alikuwa bado amesimama kando ya redio.

"Alivivua siku tuliyomzika ndugu yangu," alisema. "Akaviweka mlangoni mwa nyumba yake, kama mjane anavyotakiwa. Migomba ni yake. Na siku yake ikifika, mahali pake ni kando ya mumewe. Nani ana neno?"

Momanyi akamwendea Mama Nyaboke. "Mama, nisamehe."

"Lete maji," akamwambia. "Watu wana kiu."

Mimi nilipomwendea, aliuchukua mkono wangu akaushika, akaniambia nisirudi Nyansiongo na njaa. Ningeona afadhali anitukane.

Tukirudi kwa pikapu, tulipokaribia Nyansiongo, Moka Ombati akasema polepole, "Nimewaambia watu kwamba husemi uongo. Neno hilo atalirudisha nani?"

Niligeukia dirisha.

"Ungeniambia unaona haya, ningetuma msichana."

"Nilidhani hutaelewa."

"Miaka yote hii hapa najifunza nini? Ungeniambia, ningejua. Ukinificha, nitabaki mgeni mpaka nife."

Maneno hayo ndiyo niliyotaka uyapate. Sijui kama kuna mengine yanayomweleza zaidi.

Toleo lililofuata aliandika kwamba kosa lilikuwa la mhariri. Nikamwambia si kweli, ni langu. Akasema, "Nilikutuma bila kuuliza yule ni nani kwako. Hilo ni langu. Lako unalijua." Tukatembea nyumba kwa nyumba kukusanya vile vijitabu vibaya. Hatukuvipata vyote. Na wazee wawili wa Birongo waliokuwa wameahidi kurekodiwa walikataa, wakasema redio ile inakula maneno. Mmoja wao alijua nyimbo za kuvuna wimbi ambazo sijazisikia tena kwa mtu yeyote. Aliondoka nazo. Hilo ndilo ambalo msamaha wa Mama Nyaboke haukuweza kulirudisha. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu nimekaa naye mpaka nimezeeka.

Mama Nyaboke alizikwa kando ya mumewe. Nilikuwa mmoja wa waliobeba, na Momanyi alishika upande wa pili. Moka Ombati aliendelea na kijitabu mpaka mashine ilipokufa na vipuri havikupatikana. Ombati alipofariki, ndugu zake wa Ukraine walimwandikia arudi. Alibaki. Amezikwa Nyansiongo. Kaseti sijui ziko wapi. Usiandike kwamba zimepotea kabla hujamuuliza binti yake.

Sasa neno langu, mwanangu, ingawa mwenye kulitoa hana kiti cha kutolea. Wewe utatembea na simu yako ukichukua maneno ya watu. Maneno ya mtu ni kama mtoto wa mtu: ukimchukua kutembea naye, mrudishe mamake amwone kabla hujampeleka mbali. Msomee mwenyewe, kwa sauti, yote. Ukifika mahali ambapo haya inakuzuia, usiruke, wala usijifanye umepita. Sema, "Mimi siwezi hapa," mtafute anayeweza. Kwetu yupo daima, ndiyo maana kuna nyanya na wajukuu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na sahihi ni ulimi ulioandikwa. Na usimpunguzie mgeni akili kwa kumficha ya kwenu. Anayekupenda atakuuliza, na anayekuuliza mjibu.

Haya niliyoandika msomee binti yake kwanza. Akikataa kitu, kifute, hata kama ni kweli.

Mungu akupe sikio lisilo na haraka na mkono usiotia sahihi kabla ya miguu kufika. Wazee wakufungulie milango, na ukitoka kwao waseme, "Huyu alituacha tukiwa wazima." Uzae, ulee, nawe siku moja uulizwe.

Jioni tumekula ugali wa wimbi na mboga za chinsaga zilizolala kwenye maziwa. Mama yako mkubwa alisema zimezidi uchungu. Mimi niliongeza.