Muzee wa Miaka Makumi Ine na Sita

Juma lililopita nilimsindikiza shangazi yangu kuchukua dawa zake za virusi vya ukimwi kwenye kituo cha afya, huku mtaani kwetu Saio. Muuguzi alimwona mwanaume mwenye mvi akiegemea fimbo, akamwita: "Muzee, pita mbele." Kwetu mzee hapangi mstari.

Muuguzi alipoona kwenye karatasi zake miaka arobaini na sita, akashtuka. "Pardon, papa! Uko na miaka makumi ine na sita tu?"

"Ndiyo, mama. Magoti ndiyo iko na makumi saba."

Muuguzi akamweleza kwa upole kwamba virusi vikikaa mwilini miaka mingi vinaweza kuuzeesha mapema, hata dawa zikivituliza. Bila dawa ingekuwa vibaya zaidi. "Unisamehe, sitakuita tena muzee."

Mwanaume akacheka mpaka fimbo ikaanguka. "Mbele ya kuanza dawa, bandugu walishanunua mbao ya sanduku ya kunizika. Ile mbao ndiyo kitanda ninalalia leo. Hakuna mutu alifikiri nitaitwa muzee. Mama, uniite tena."

Akamwita, kwa sauti. Mimi, niliyepaka mvi zangu rangi nyeusi asubuhi ile, nikavuta kofia chini.