Kiapo cha Bwana Timazi

Mtaani kwetu tulimwita Timazi, kama ile kamba ya fundi yenye kitonge cha kupimia ukuta, kwa sababu hakuamini mlango, kitanda wala neno la mtu mpaka apime na kuona limesimama wima. Tumekaa ukuta kwa ukuta miaka ishirini. Kwa useremala wake nilimvulia kofia. Kwa jambo moja sikumvulia, nalo ndilo ninaloliandika.

Kituo kikuu cha treni kilipojengwa, alikuwa mmoja wa maseremala waliounda maboksi ya mbao ambamo zege la nguzo lilimwagwa. Nguzo zenyewe si za kawaida. Zinapanda wima, kisha zinapinda na kufunguka juu kama viganja, na kati ya kiganja na kiganja pametandwa kioo. Kukunja mbao namna ile kulimla miaka miwili na ncha ya kidole kimoja.

Siku ya uzinduzi alivaa suti, mkewe akavaa gauni jipya. Mlangoni, mlinzi alipitisha kidole kwenye orodha mara mbili.

"Mzee, jina lako halimo humu."

"Mimi ni fundi. Nguzo zile zimepita mikononi mwangu."

"Mafundi wana siku yao. Leo ni wageni waalikwa."

Mtu mmoja nyuma yao alicheka. Timazi akaapa palepale kwamba mguu wake hautakanyaga tena kituo kile.

"Baba watoto," mkewe akamwambia njiani, "kesho mlango uko wazi kwa kila mtu. Tukate tiketi, tuingie kama abiria. Nataka kuona kilichokuwa kinakurudisha nyumbani umechoka vile."

"Nimeshaapa."

"Umemwapia nani? Jengo?"

Swali hilo lingemtosha mtu yeyote mwenye akili. Yeye alikaa miaka saba bila kulijibu. Kwenda kwa dada wa mkewe ni nusu saa kwa treni. Wao walipanda mabasi matatu, wakizunguka mji mzima, mama wa watu kikapu mapajani. Majirani walirudi kutoka kituoni wakisimulia maduka, mikahawa na ngazi za umeme, wakamtania: "Shoga, wewe si ndiye mwenye nguzo? Hebu tuambie, ghorofa ya juu wanauza nini?"

"Wanauza umbea," akawajibu, "na nyie mmemaliza wote."

Alicheka nao. Lakini kuta zetu ni nyembamba, na jioni nilimsikia akiomba, "Hata Jumapili moja tu." Nilinyamaza, nikijiambia kwamba ya mke na mume hayahitaji mwamuzi. Hilo nalo ni kosa, na ni langu.

Kisha ikaja presha ya macho, ikamshika mkewe. Ugonjwa huo hauumi, unaiba kuanzia pembeni. Yeye alidhani ni uzee na miwani mibovu. Alipofika kwa daktari, jicho moja lilikuwa limekwisha, na la pili likitambua mchana na usiku tu. Kilichopotea, daktari alisema, hakirudi.

Wiki iliyofuata Timazi alibisha mlangoni kwangu.

"Jirani, twende wote kituoni. Wewe umesoma, una maneno. Utamweleza."

"Nitawasindikiza," nikamjibu. "Maneno utayasema mwenyewe."

Tuliketi kwenye mkahawa chini ya nguzo mojawapo. Palinukia mkate na kahawa; juu yetu sauti ya kike ilitangaza treni.

"Haya," mkewe akasema, "nieleze."

"Nguzo ziko kumi na nne. Kila moja mita kumi na nane, na upana wa..."

"Sikuja kununua mbao, baba watoto. Nieleze pakoje."

Timazi akainua kichwa. Hata yeye alikuwa hajawahi kuziona nguzo zile bila jukwaa la mafundi kuzizunguka.

"Mwanga unashuka," akasema.

"Unashukaje?"

"Unashuka tu."

Akanitazama. Nikatazama kikombe changu. Mwishowe akamshika mkewe mkono, akamwinua, akaubandika ule mkono kwenye nguzo. Vidole vyake vikatembea polepole.

"Mbona ni mbao?"

"Ni zege. Mbao tulizibandua, zikaacha alama."

Mkewe akapapasa mistari, akakipata kifundo cha ubao, akakizunguka kwa kidole kama anayefuta uso wa mtoto. Akatabasamu. Kisha akapandisha mkono, akajinyoosha kwa ncha za miguu mpaka kiatu kimoja kikamvuka.

"Na pale inapopinda?"

Mpindo ulianzia shibiri moja juu ya vidole vyake. Timazi alijinyoosha naye, mtu mfupi kuliko mkewe, akashindwa.

"Nisamehe, mama watoto."

Mkewe akateremsha mkono, akatafuta kiatu kwa mguu.

"Nilishakusamehe zamani," akasema. "Lakini umenichelewesha."