Mabati Tuliyoyashusha

Kwetu Kalemie, ziwa likianza kuingia uani, mtu haokoi kwanza godoro wala sufuria. Anashusha mabati. Tofali za udongo tunazifyatua wenyewe, lakini bati hununuliwa mojamoja kwa miaka, na mwenye mabati anahesabu kwamba nyumba bado anayo.

Maji yalipolipita jiko la mama, shefu wa avenyu yetu, mkuu wa mtaa, alikuja asubuhi. Yeye ndiye aliyetuwakilisha kwenye mikutano ya mradi wa kutuhamisha, kule walikozungumza juu ya kupanda kwa ziwa na viwanja ambavyo watu wa chini wangepewa mlimani. Alikuwa mtu wa kwetu. Tangu nikiwa mdogo alikula ugali na samaki wa mikebuka mezani petu bila kualikwa.

"Mama, mushushe mabati leo," alisema. "Wimbi litayabeba."

Tulimshukuru. Nilipanda mimi mwenyewe nikang'oa misumari, tukayabeba hadi uwanja wa kanisa.

Siku mbili baadaye wakaja wa mradi na orodha yao. Nyumba isiyo na paa, walisema, imeshahamwa, haiandikwi. Shefu aliijua sheria hiyo tangu mkutanoni. Viwanja vilikuwa vichache, na kila paa lililoshuka lilimwongezea yeye nafasi. Lake lilikuwa juu, zima, ingawa maji yalimfika dirishani.

Mwandishi wao alionyesha kuta zetu, akauliza ni za nani. Mama alikuwa amesimama palepale, maji magotini, kitenge amekikusanya mkononi. Shefu akawahi kujibu.

"Hapa hakuna tena muntu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Shuleni niliuimba msemo huo kama kasuku. Siku ile niliuelewa, na nilimchukia hata kuliko nilivyolichukia ziwa.

Kiwanja alikipata. Ila alikuwa ameliacha paa juu muda mrefu mno akingoja kuandikwa. Kuta zikalainika, zikaanguka, na wimbi likabeba mabati yake yote. Kabla ya mvua zilizofuata alikuja uwanja wa kanisa, tulikokuwa tukiishi chini ya turubai. Mabati yetu yalikuwa yamepangwa pembeni, mama ameyafunika kwa gunia. Aliyatazama kabla ya kunisalimu.

"Mama iko?" aliuliza. "Nilitaka aniazime mabati, kidogo tu."

Mama alikuwa ndani, hatua mbili kutoka kwake. Alijibu bila kupandisha sauti, akinisemesha mimi.

"Umuambie hapa hakuna tena muntu."